Georg Simon Ohm, Mwalimu Aliyepima Waya

Jina la Ohm hutajwa kila siku na mafundi umeme, mafundi redio na wanafunzi wa sekondari, lakini ni wachache miongoni mwao wajuao kwamba mwenye jina hilo alikuwa mwalimu wa shule. Wala hakuwa mwalimu wa kupita njia, akingojea kazi nyingine iliyo bora. Aliingia darasani akiwa kijana wa miaka 17, na sehemu kubwa ya maisha yake aliishi kwa mshahara wa ualimu, tena mshahara mdogo. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa maisha yake yasimuliwe katika jarida hili linalohusu njia za kufundisha, badala ya kuachiwa vitabu vya fizikia peke yake. Tutakaa zaidi kwenye miaka miwili, 1825 na 1826, kwa kuwa katika miaka hiyo mwalimu huyu alitangaza kanuni isiyokuwa sahihi, akaigundua kasoro yake, akaisahihisha mwenyewe mbele ya wasomaji wale wale. Vitabu vya shule huiruka sehemu hiyo. Sisi twaiona kuwa ndiyo yenye manufaa makubwa kuliko zote kwa mwanachuo anayejiandaa kufundisha sayansi.

Georg Simon Ohm alizaliwa tarehe 16 Machi 1789 katika mji wa Erlangen. Siku hizo hapakuwa na dola moja iitwayo Ujerumani. Palikuwa na falme na milki nyingi, kubwa kwa ndogo, na mtu aliyetaka kazi aliweza kuvuka mipaka kadhaa kwa safari ya siku chache tu. Baba yake, Johann Wolfgang, alikuwa fundi wa makufuli. Mama yake, Maria Elisabeth, alikuwa binti wa mshonaji nguo. Wazazi hao walijaliwa watoto saba, lakini waliokua hadi utu uzima ni watatu tu: Georg, mdogo wake Martin, na dada yao. Mama alifariki Georg akiwa na umri wa miaka kumi.

Baba huyu anastahili kutajwa kwa heshima. Hakusoma shule za juu, bali alijifunza mwenyewe hisabati na sayansi kwa vitabu, akafika mahali ambapo aliweza kuwafundisha wanawe mambo ambayo shule ya mji haikuwafundisha. Kwenye karakana yake watoto walijifunza pia kushika tupa na kupinda chuma. Georg alipofikia umri wa miaka 15, profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Erlangen, Karl Christian von Langsdorf, aliwapima yeye na Martin katika hisabati, akastaajabu sana, hata akawafananisha na ndugu wa ukoo wa Bernoulli wa Uswisi waliosifika kwa hisabati kote Ulaya. Martin naye baadaye akawa profesa wa hisabati mjini Berlin. Karakana ya fundi makufuli ilitoa wanahisabati wawili.

Mwaka 1805 Georg aliingia Chuo Kikuu cha Erlangen. Hapa hatuna budi kusema kweli, kwani maisha ya watu mashuhuri husimuliwa mno kana kwamba walizaliwa wakiwa na bidii. Kijana huyu alipenda kucheza dansi, kuteleza juu ya barafu na kucheza biliadi kuliko kusoma. Baba, aliyeona nafasi ambayo yeye mwenyewe hakuipata ikichezewa, alikasirika, na baada ya mihula mitatu tu Georg akaondoka chuoni. Septemba 1806 alipelekwa Uswisi kufundisha hisabati katika shule ya Gottstadt, karibu na mji wa Nidau. Mwaka 1809 akahamia Neuchâtel, akawa mwalimu wa watu binafsi. Alitamani kumfuata Langsdorf, ambaye wakati huo alikuwa amehamia Heidelberg, lakini profesa alimshauri asome peke yake maandiko ya wanahisabati wakubwa, akina Euler na Laplace. Georg aliutii ushauri huo. Mchana alifundisha watoto wa wengine, na muda uliobaki alijifundisha mwenyewe, kama alivyofanya baba yake. Aliporudi Erlangen mwaka 1811, alipata shahada ya udaktari tarehe 25 Oktoba mwaka ule ule.

Shahada haikumletea riziki. Alifundisha chuoni kwa mihula mitatu, akaona kwamba mapato hayatoshi wala hakuna dalili ya kupanda cheo. Mwanzoni mwa 1813 akakubali kazi katika shule moja ya Bamberg, shule duni iliyofungwa mwaka 1816. Kwa mtu aliyefananishwa na akina Bernoulli, hiyo ilikuwa hali ya kukatisha tamaa. Hata hivyo, ni katika miaka hiyo ya dhiki ndipo alipoandika kitabu chake cha kwanza, nacho hakihusu umeme hata kidogo. Kinahusu namna ya kufundisha jiometri.

Kitabu hicho kilitoka mwaka 1817. Ohm alishikilia ndani yake kwamba mwanafunzi asipokee jiometri kama kitu kilichokwisha kutengenezwa na wengine na kuletwa kwake ili akikariri; aijenge mwenyewe hatua kwa hatua, mpaka aione kuwa ni zao la akili yake. Leo jambo hilo husemwa katika kila chuo cha ualimu, na mwanachuo anaweza kulichukulia kuwa la kawaida. Wakati ule halikuwa la kawaida. Nasi twaona kwamba aliyeandika hivyo juu ya pembetatu mwaka 1817 ndiye yule yule aliyepima nyaya miaka tisa baadaye: katika kazi zote mbili hakukubali kupokea jambo kwa sababu tu limesemwa.

Ohm alimpelekea Mfalme Friedrich Wilhelm III wa Prussia nakala ya kitabu hicho. Mwaka huo huo wa 1817 akapewa nafasi ya kufundisha hisabati na fizikia katika shule ya sekondari ya Köln, iliyokuwa zamani chini ya mapadri Wajesuiti. Hapo hatimaye alipata alichokikosa kwa muda mrefu, yaani maabara yenye vifaa. Mmoja wa wanafunzi wake wa Köln alikuwa Dirichlet, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa wanahisabati wakubwa kabisa wa karne ile.

Mwaka 1820 Oersted wa Denmark aligundua kwamba waya yenye mkondo wa umeme huigeuza sindano ya sumaku iliyo karibu nayo. Uvumbuzi huo ulienea Ulaya nzima kwa muda mfupi, na sababu ni rahisi kuielewa. Kabla yake watu walikisia nguvu ya umeme kwa kutazama cheche, au kuhesabu mapovu ya gesi, au hata kugusisha waya kwenye ulimi. Sasa palipatikana sindano inayogeuka zaidi kwa mkondo mkubwa na kidogo kwa mkondo mdogo. Palipo na kipimo, pana swali la hesabu. Ohm akajiuliza swali ambalo mtoto wa darasa la sita aweza kulielewa: waya ikirefushwa, mkondo unaopita ndani yake hupungua kiasi gani?

Alianza kwa kutumia chanzo cha umeme alichokigundua Volta mwaka 1800, yaani sahani za metali mbili tofauti zikitenganishwa na kitu kilicholowa maji ya chumvi au asidi. Alipima, akatafuta kanuni inayolingana na vipimo vyake, akaipata. Ilikuwa kanuni ya logi. Aliichapisha mwaka 1825.

Kanuni ile haikuwa sahihi. Kasoro haikuwa katika hesabu wala katika macho ya mpimaji, bali katika chanzo cha umeme chenyewe. Betri ya namna ya Volta huanza kwa nguvu mara tu mzunguko unapofungwa, kisha nguvu hupungua kadiri dakika zinavyopita. Kwa hiyo Ohm alipodhani anabadilisha kitu kimoja tu, yaani urefu wa waya, kwa kweli vilikuwa vikibadilika viwili. Urefu ulibadilika kwa mkono wake, na nguvu ya betri ilibadilika bila mkono wa mtu. Vipimo vyake viliyachanganya mambo hayo mawili, na kanuni ya logi ilikuwa picha ya mchanganyiko huo.

Tungependa mwanachuo aisome aya hiyo mara mbili. Katika majaribio yanayofanywa kwenye madarasa ya shule za msingi, kosa linalotokea mara nyingi kuliko yote ni hili hili. Watoto wanaotaka kujua kama mbegu huota vizuri zaidi gizani huweka kopo moja kabatini na jingine dirishani, wakasahau kumwagilia lile la kabatini, kisha wakaandika kwamba giza huzuia mbegu kuota. Mwalimu akiwakemea, watajifunza kuogopa majaribio. Akiwaeleza kwamba mtu ambaye jina lake limeandikwa katika vitabu vya sayansi vya dunia nzima aliwahi kunaswa na mtego huo, tena hadharani, watarudi kwenye makopo yao wakiwa na hamu ya kutafuta ni kitu gani kingine kilichobadilika.

Ohm mwenyewe alikwisha kusumbuliwa na kuyumba kwa betri. Poggendorff, mhariri wa jarida la fizikia, alimshauri atumie chanzo kingine. Mwaka 1821 Seebeck alikuwa amegundua kwamba metali mbili tofauti zikiunganishwa ncha kwa ncha, na kiungo kimoja kikawa cha moto na kingine baridi, mkondo wa umeme hupita. Nguvu ya mkondo huo ni ndogo sana, na ndiyo maana wengi hawakuujali. Lakini una sifa moja ambayo betri ya Volta haikuwa nayo: maadamu joto la viungo halibadiliki, nguvu nayo haibadiliki.

Basi Ohm akachukua kipande cha bismuthi, akakiunga kwa shaba pande mbili. Kiungo kimoja alikiweka katika maji yanayochemka na kingine katika barafu inayoyeyuka. Maji yanayochemka hayapandi joto zaidi, na barafu inayoyeyuka hukaa palepale. Kwa vitu viwili vinavyopatikana jikoni alipata chanzo cha umeme kilichotulia. Juu ya mzunguko alitundika sindano ya sumaku kwa utepe mwembamba wa dhahabu. Mkondo ulipoisukuma sindano kando, aliusokota utepe kwa juu mpaka sindano irudi mahali pake pa mwanzo, akasoma ni kiasi gani alichosokota. Ncha za waya alizichovya katika vikombe vya zebaki ili ziguse vizuri. Ufundi wa mikono alioupata kwa baba yake ulimfaa sana hapo.

Alitayarisha nyaya nane za shaba zenye unene mmoja, urefu wake ukiwa inchi 2, 4, 6, 10, 18, 34, 66 na 130. Katika mfululizo mmoja wa vipimo vya Januari 1826 alisoma 326¾ kwa waya ya kwanza, kisha 300¾, 277¾, 238¼, 190¾, 134½, 83¼, na kwa waya ndefu kuliko zote 48½.

Mwanachuo azitazame hesabu hizo kabla ya kuendelea. Kutoka inchi 2 hadi inchi 4 urefu umeongezeka mara mbili, lakini kipimo kimepungua kidogo tu. Kutoka inchi 66 hadi 130, ambako pia urefu umekaribia kuongezeka mara mbili, kipimo kimeporomoka karibu na nusu. Mtu mwenye haraka angesema kwamba hapa hakuna kanuni. Ohm aliona kwamba waya haiko peke yake katika mzunguko. Bismuthi, shaba za pembeni na viungo vyote navyo huuzuia mkondo, na kizuizi hicho kipo hata waya iwe fupi namna gani. Akakipa nafasi yake katika hesabu: kila waya iongezewe inchi 20¼ za kuwakilisha sehemu nyingine zote za mzunguko, kisha namba 7285 igawanywe kwa jumla hiyo. Kwa waya ya inchi 34, jumla ni 54¼, na jibu ni kama 134.3, alichopima ni 134½. Kwa inchi 130, jibu ni 48½ kamili, sawa na kipimo chenyewe. Kwa inchi 10 hesabu yatoa karibu 240.8 na kipimo kilikuwa 238¼, nayo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote katika mfululizo huo. Hakuificha. Aliichapisha pamoja na nyingine.

Kisha alifanya jambo ambalo kwa maoni yetu linaonyesha ufundi wake kuliko hesabu zenyewe. Alipunguza tofauti ya joto kati ya viungo viwili, akarudia vipimo. Ile namba ya juu, 7285, ilishuka sana. Ile ya chini, 20¼, ilibaki kama ilivyokuwa. Kwa hiyo alijua kwamba namba mbili zile zasimamia vitu viwili tofauti: moja ni nguvu inayousukuma mkondo, inayotegemea chanzo, nyingine ni ukinzani, unaotegemea metali, urefu na unene wa njia. Mkondo ni nguvu ile ikigawanywa kwa ukinzani wote. Hiyo ndiyo Kanuni ya Ohm, nayo ilizaliwa ikiwa na ukinzani wa chanzo ndani yake, jambo ambalo vitabu vya shule hulitenga na kulifundisha baadaye kana kwamba ni nyongeza.

Shuleni jaribio hili laweza kufanywa kwa vifaa hafifu. Seli mbili za tochi, balbu ndogo ya tochi, na waya ya msokoto iliyotolewa katika jiko la umeme lililoharibika vyatosha. Waya hiyo inyooshwe kidogo juu ya ubao, mtoto asogeze ncha ya waya ya shaba juu yake, wenzake watazame balbu ikififia. Pasipo waya ya jiko, risasi ya penseli iliyopasuliwa kwa urefu hufaa. Jaribio lisifanywe kamwe kwa umeme wa ukutani. Balbu haifai kutoa vipimo vya hesabu, kwa sababu ukinzani wake mwenyewe hubadilika ikipata moto. Kwa umri huo yatosha watoto waone, wapange kwa utaratibu, na waulize.

Turudi kwa Ohm. Akiwa na kanuni mkononi aliona kwamba sasa amestahili kuondoka katika shule ya sekondari na kwenda chuo kikuu. Mwaka 1826 alipewa likizo ya mwaka mmoja kwa nusu mshahara, akahamia Berlin kwa ndugu yake Martin, akaandika kitabu juu ya mzunguko wa umeme uliochambuliwa kwa hisabati. Kilitoka mwaka 1827. Alifuata mfano wa Fourier wa Ufaransa, ambaye mwaka 1822 alikuwa ameeleza kwa hisabati jinsi joto linavyopita katika kitu kigumu. Kama joto linavyotiririka kutoka palipo moto kwenda palipo baridi, ndivyo Ohm alivyoueleza umeme ukitiririka kutoka sehemu moja ya waya hadi nyingine inayofuatana nayo.

Kitabu hakikupokewa vizuri. Mhakiki mmoja wa Berlin alikishambulia vikali, na katika ofisi za elimu za Prussia, ambako falsafa ya Hegel ilikuwa na nguvu, Ohm hakupata wa kumtetea. Nafasi ya chuo kikuu haikuja. Mwaka 1828 alijiuzulu kazi yake ya Köln kwa uchungu, akaishi Berlin kwa kufundisha vipindi vichache vya hisabati katika shule, ikiwamo shule ya kijeshi. Alikuwa na umri wa miaka 39, hana kazi ya kudumu. Hakuoa.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama kisa cha mwenye haki aliyedhulumiwa na wajinga. Sisi hatukubaliani na masimulizi hayo moja kwa moja. Ni kweli kwamba alitendewa vibaya, tena na watu waliopaswa kuelewa zaidi. Lakini kitabu cha 1827 chenyewe kilikuwa kigumu. Makala ya 1826 ilikuwa na nyaya nane, barafu, maji ya moto na vipimo ambavyo yeyote angeweza kuvirudia. Kitabu kilitanguliza nadharia na milinganyo, na majaribio yakakaa nyuma. Wanafizikia wengi wa nchi yake siku hizo hawakuzoea fizikia iliyoandikwa kwa hisabati namna ile. Mwandishi aliyewahi kuandika kwamba mwanafunzi ajengewe njia hatua kwa hatua hakuwajengea wasomaji wake njia hiyo. Hata mwalimu hodari huweza kusahau darasa lake anapoandika kwa ajili ya wakubwa.

Tena si wote waliomkataa. Fechner wa Leipzig alirudia vipimo na mwaka 1831 akatoa matokeo yaliyomuunga mkono. Pouillet wa Ufaransa alifikia kanuni hiyo hiyo kwa njia yake. Mwaka 1833 Ohm alipata nafasi katika shule ya ufundi ya Nürnberg, na mwaka 1839 akawa mkuu wake. Mwaka 1841 Chama cha Kifalme cha London kilimtunukia Medali ya Copley, iliyokuwa heshima kubwa kabisa ya sayansi nchini Uingereza, na mwaka uliofuata kikamfanya mwanachama wa kigeni. Miaka 15 ilikuwa imepita tangu vipimo vya Köln. Huko Uingereza Wheatstone, aliyeshughulika na telegrafu za waya, aliitumia kanuni hiyo mwaka 1843, kwani mtu anayetaka kupeleka ishara kwa waya ya maili nyingi hana budi kujua kwanza urefu utamla kiasi gani.

Mwaka 1849 Ohm aliitwa München kutunza vifaa vya fizikia vya Akademia ya Bavaria na kutoa mihadhara. Cheo cha profesa wa fizikia ya majaribio katika chuo kikuu, alichokitamani tangu ujana, alikipata mwaka 1852. Alikitumikia miaka miwili tu. Alifariki München tarehe 6 Julai 1854, akiwa na umri wa miaka 65, akazikwa huko.

Mwaka 1881 mkutano wa kimataifa wa umeme uliofanyika Paris ulikubali jina lake kuwa kipimo cha ukinzani. Waya yenye ukinzani wa ohm moja ni ile ambayo volti moja husukuma ndani yake mkondo wa ampea moja. Miaka miwili kabla ya mkutano huo lilitokea jambo la ajabu. Maxwell alichapisha karatasi za zamani za Mwingereza Henry Cavendish, nazo zikaonyesha kwamba Cavendish alikuwa ameiona kanuni kama hiyo tangu mwaka 1781, akitumia mwili wake mwenyewe kuwa kipimo kwa kulinganisha mishtuko aliyoipata. Hakumwambia mtu. Kwa karibu miaka mia moja ugunduzi wake ulikaa kabatini, na dunia ikaupokea kutoka kwa mwalimu wa Köln.

Ohm alijua waya inakinza kiasi gani. Kwa nini inakinza hakujua, wala hakuna aliyejua wakati wake. Elektroni iligunduliwa mwaka 1897. Katika miaka ya 1860 Matthiessen alikuwa ameona kwamba waya ikipoozwa ukinzani wake hupungua, lakini hubaki kiasi kisichokwisha, nacho hutegemea uchafu wa metali nyingine ulio ndani yake. Mwaka 1928 Bloch alieleza sababu kwa fizikia ya kwanta. Elektroni hutenda kama wimbi, na atomi zikipangwa sawasawa pasipo kasoro, wimbi hilo hupita bila kuzuiwa. Kinachozuia ni kutetemeka kwa atomi kwa sababu ya joto, na kasoro za mpangilio.

Mwaka 1958 Mmarekani Philip Anderson aliuliza nini kitatokea mpangilio ukivurugika sana. Alionyesha kwamba wimbi la elektroni laweza kunaswa mahali pamoja, lisiende popote. Mwaka 1961 Mott na Twose walieleza kwamba katika mstari mmoja tu wa atomi, hata vurugu ndogo yatosha kunasa mawimbi yote. Mfano wa mtaani utasaidia. Katika uwanja, mtu akikuta jiwe hulizunguka. Katika kichochoro chembamba hana pa kuzungukia. Lakini mfano huu una upungufu, na mwalimu auseme: elektroni haigongi jiwe na kusimama, bali wimbi lake hurudishwa na kila kasoro, na mawimbi yanayorudi hujumlika mpaka yazuie safari.

Hapo hesabu ya Ohm hubadilika. Kwake kila inchi huongeza ukinzani kwa kiasi kile kile, kama kuhesabu 1, 2, 3, 4. Katika mstari wa atomi uliovurugika, ulio baridi mno, kila kipande kinachoongezwa huzidisha ukinzani badala ya kuujumlisha, kama 2, 4, 8, 16. Landauer alilionyesha hilo kwa hesabu mwaka 1970. Anderson na Mott walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1977, pamoja na Van Vleck. Mwaka 2008 wanafizikia wa Ufaransa na wa Italia walionyesha kunaswa huko kwa macho: walizipooza atomi mpaka karibu na sifuri halisi ya joto, wakaziachia zitembee katika mstari mmoja wa mwanga wa leza uliovurugwa makusudi, nazo zikasimama.

Nyaya za nyumbani na za darasani haziko katika hali hiyo. Ni nene mno, na joto la kawaida huyatibua mawimbi kabla hayajaweza kunaswa. Kwa nyaya nane za shaba zilizokuwa mezani Köln Januari 1826, na kwa waya ya jiko iliyonyooshwa juu ya ubao wa darasa la sita, ukinzani huongezeka inchi kwa inchi, kwa kujumlisha.